Sauti Hafifu katika Santuri za Picha Zilizochomwa Nyumbani

Wako watafiti wa lugha na fasihi simulizi ambao kabatini mwao mna santuri za picha zilizochomwa nyumbani au ofisini, nyingi katika miaka ya 2000 na iliyofuata, kabla ya kazi hiyo kuhamia katika diski kuu za kompyuta na vijiti vya kumbukumbu. Ndani ya santuri hizo mna wasomaji wa tenzi, wazee wakisimulia habari za miji yao, arusi na nyimbo zake, na mahojiano ambayo hayawezi kurudiwa tena kwa kuwa waliohojiwa wamekwisha kufariki. Picha huonekana vizuri. Lakini msemaji anapofungua kinywa, maneno yake husikika kwa mbali, kana kwamba asema nyuma ya mlango uliofungwa; na msikilizaji akiongeza sauti ya televisheni hadi mwisho, hupata mvumo zaidi kuliko maneno.

Kwa mtu anayetaka kuburudika, hasara hiyo ni ndogo. Kwa mwanafunzi wa lugha ni kubwa. Katika Kimvita msemaji hupambanua paa la nyumba na p'aa wa mwituni, kaa la moto na k'aa wa pwani, kwa pumzi tu inayofuata kipasuo. Pumzi hiyo ni dhaifu sana ikilinganishwa na irabu inayokuja baada yake. Sauti ya santuri ikiwa hafifu, irabu bado itasikika juu ya mvumo wa televisheni, bali pumzi itazama ndani yake, na mwandishi wa maandiko ataandika paa mahali pote bila kujua kwamba amekosa. Kwa hiyo yafaa tueleze kwa utaratibu ni wapi sauti hupotelea, na namna ya kuirudisha bila kuiharibu.

Neno santuri nimelitumia kwa makusudi. Hilo ndilo jina lililopewa bamba la gramafoni, na sioni dhambi kulipa kazi mpya. Mitaani watu husema dividii, na kitendo cha kuandika picha na sauti juu yake huitwa kuchoma, nalo ni neno la kweli kabisa, kwani mwali wa leza huunguza tabaka la rangi lililomo ndani ya bamba na kuacha alama zisizofutika. Chombo cha kuichezea nitakiita deki, kama wanavyokiita watu wengi.

Kabla ya kuilaumu santuri, hapana budi kujua kama kosa ni lake. Chukua santuri ya filamu iliyonunuliwa dukani, uicheze katika deki ile ile, na rimoti usiiguse. Ikiwa nayo husikika kwa shida, ugonjwa umo katika deki, waya au televisheni. Ikiwa ya dukani yasikika vema na ya nyumbani haisikiki, icheze ya nyumbani katika kompyuta na katika deki ya pili. Yasikikayo vibaya mahali pamoja na vema mahali pengine, chanzo chake ni namna deki ile inavyoisoma. Yasikikayo vibaya kila mahali, chanzo chake ni yale yaliyochomwa. Jambo moja lisisahauliwe katika jaribio hili: usilinganishe santuri na matangazo ya televisheni. Umoja wa mashirika ya utangazaji wa Ulaya, mathalani, uliweka mwaka 2010 kanuni ya R 128, kwamba ukubwa wa wastani wa kipindi uwe 23 chini ya dari, ambapo mazungumzo ya filamu katika santuri husikika chini zaidi ya hapo. Mtu akitoka katika habari za saa mbili akaingia katika santuri yoyote ile, hata ya dukani, ataona sauti imeanguka.

Dari ni nini? Sauti ya santuri ni mfululizo wa namba, nazo zina kikomo ambacho haziwezi kukivuka. Kikomo hicho twakiita dari, na kila kipimo huhesabiwa kwa kushuka kutoka hapo, kwa desibeli, kipimo kilichopewa jina la Alexander Graham Bell. Kushuka desibeli 6 ni kupunguza mawimbi kwa nusu. Lakini sikio si mizani ya duka: ili msikilizaji aseme kwamba sauti imepungua nusu, huhitajika kama desibeli 10. Namba za biti 16 zina nafasi ya desibeli 96 hivi kutoka darini hadi chini kabisa, yaani kama 6 kwa kila biti. Aliyenasa sauti 36 chini ya mahali ilipostahili kuwa, amezitupa biti 6 bila kuzitumia, naye akija kuikuza baadaye atakuza na ukwaruzo wa zile chache zilizobaki.

Sasa tufike penye kosa linaloonekana mara nyingi kuliko yote. Mtu husikia sauti ni hafifu, huifungua katika programu ya kuhariri, na huiamuru ikuze sauti mpaka igonge dari. Programu hutii, na sauti haibadiliki hata kidogo. Naye husema programu ni mbovu. Programu si mbovu. Imetafuta kilele kirefu kuliko vyote katika muda wote wa saa mbili, ikakikuta tayari ki karibu na dari, ikaona hapana nafasi ya kuongeza. Kilele hicho chaweza kuwa mlango uliobamizwa, kikohozi karibu na kipaza sauti, au kiti kilichoanguka. Sikio halipimi ukubwa wa sauti kwa kilele kimoja cha nukta moja, bali kwa wastani wa yale linayoyasikia kwa muda. Yawezekana kabisa kilele kikagusa dari na maneno ya msemaji yakawa 35 chini yake.

Niliwahi kuletewa santuri ya namna hiyo. Ilikuwa ni usomaji wa utenzi uliofanywa arusini, na kipaza sauti kilikuwa juu ya kamera, nyuma ya wanawake. Kila beti chache vikapigwa vigelegele na makofi. Vigelegele vilifika nusu desibeli chini ya dari. Sauti ya msomaji, aliyekuwa mbali, ilikuwa kwa wastani 33 chini yake. Mwenye santuri alikuwa ameikuza mara tatu, kila mara akichoma bamba jipya, na kila mara akipata yale yale. Tuliyoyafanya ni mepesi. Tulipita katika rekodi yote tukishusha kwa desibeli 12 vile vipande vya vigelegele na makofi peke yake, kwa mkono, bila kugusa usomaji. Baada ya hapo kilele kirefu katika sehemu zilizobaki kilikuwa 12 chini ya dari, nasi tukaweza kuipandisha rekodi nzima kwa 11. Msomaji akatoka 33 akafika 22, na vigelegele havikupasuka. Kazi ilichukua jioni mbili, na ilitulazimu kusikiliza utenzi wote, jambo ambalo halikumdhuru mtu.

Ipo njia ya haraka zaidi, nayo ni ubanaji: chombo au programu husukuma chini kila kinachozidi kiwango fulani, kisha huinua vyote. Kwa santuri ya kutazamwa na jamaa yatosha. Lakini kwa sababu nitakazozieleza mbele, mtafiti asiutumie ubanaji juu ya nakala pekee aliyo nayo.

Hata hivyo, santuri ile ya arusi ilikuwa na ugonjwa wa pili, nao ulijificha zaidi. Santuri za picha zilipoanza kuuzwa Japani mwezi wa Novemba 1996, kanuni zake ziliruhusu sauti iandikwe kwa namna kadhaa, na mbili ndizo zilizoenea. Ya kwanza ni namba tupu zisizobanwa, 48,000 kwa nukta kwa kila njia. Ya pili ni Dolby Digital, ambayo hutupa yale inayodhani sikio halitayasikia, ili nafasi ibaki kwa picha. Programu nyingi za kutengeneza santuri huchagua hii ya pili. Sasa, katika Dolby Digital, pamoja na sauti yenyewe, huandikwa namba ndogo kutoka 1 hadi 31, ambayo mafundi huiita dialinomu. Kazi yake ni kumwambia msimbuzi aliyemo ndani ya deki: mazungumzo ya kipindi hiki yako umbali gani chini ya dari. Deki ikiisoma, huishusha sauti yote ili mazungumzo yakae 31 chini ya dari, na vipindi vyote vilingane.

Nia yake ni njema. Filamu ya vita na mahojiano ya chumbani vikiandikiwa namba za kweli, mtazamaji hahitaji kushika rimoti. Lakini programu nyingi huja na namba 27 imekwisha kuandikwa, na mwenye kuchoma nyumbani hajui hata kwamba ipo. Deki huamini. Hutoa 27 katika 31, hupata 4, nayo hushusha desibeli 4. Mahojiano yaliyokuwa 33 chini ya dari yatatoka katika spika yakiwa 37 chini yake. Aliyeandika 20 bila kufikiri ameipoteza sauti yake kwa 11. Na kinyume chake, ambaye ameikuza sauti kwa bidii, kisha programu ikaipima na kuiandikia namba ya kweli, atashangaa kuona bidii yake yote imefutwa: kila alichokipandisha, deki imekishusha. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuwa faili ndani ya programu ya kuhariri yasikika vizuri, na santuri ile ile, baada ya kusimbwa na kuchomwa, imefifia.

Ishara ya ugonjwa huu ni hiyo hasa. Ikiwa sauti ilikuwa njema kabla ya kusimbwa na mbaya baada yake, kwanza tazama namba hiyo. Ukiandika 31, deki haishushi kitu. Lakini usiishie hapo. Katika ukurasa ule ule wa programu mna mahali pa kuchagua ubanaji, na aghalabu pamechaguliwa tayari ule wa filamu. Ubanaji huo huhesabiwa kutoka katika dialinomu. Ukiidanganya deki kwamba mazungumzo yako 31 chini, hali yako 20 chini, msimbaji ataona kila neno ni kelele kubwa iliyopita kiasi, naye ataandika amri ya kulishusha. Na sauti itapanda na kushuka kama mtu anayepumua kwa shida. Kwa hiyo mambo haya mawili yaende pamoja: dialinomu 31, na ubanaji uzimwe. Au, kwa mwenye nafasi katika bamba, aachane na Dolby Digital, atumie namba tupu, ambazo hazina dialinomu wala ubanaji. Saa moja ya sauti ya njia mbili kwa namba tupu za biti 16 huchukua megabaiti 691 hivi; kwa Dolby Digital ya kilobiti 192 kwa nukta huchukua 86 tu. Bamba la kawaida lina gigabaiti 4.7, basi kwa mahojiano ya saa moja namba tupu zaenea bila shida. Kwa arusi ya saa mbili picha itaanza kubanwa, na kila mtu na achague.

Deki nazo zina hila zao. Baadhi zina mahali pa kuchagua namna ya usiku, ambayo hubana sauti ili wasioamshwa wasiamshwe. Na baadhi zikicheza kwa waya wa antena hupandisha yote kwa desibeli 11 na kuibana kwa nguvu, ndiyo maana santuri moja yaweza kusikika vema kwa jirani mwenye deki kuukuu na vibaya kwako mwenye mpya.

Lililobaki ni habari ya njia. Santuri yaweza kubeba njia sita: ya kushoto, ya kulia, ya kati, mbili za nyuma, na ya sauti nzito. Katika filamu mazungumzo hukaa njia ya kati. Mtu akitengeneza mahojiano yake kwa njia sita, kwa kudhani kwamba nyingi ni bora, maneno huwekwa kati peke yake. Televisheni ina spika mbili, basi deki hulazimika kuziunganisha njia, na ili jumla yake isivuke dari huigawanya. Njia ya mbele ikihesabiwa 1, ya kati na ya nyuma zikihesabiwa 0.7 kila moja, jumla ni 2.4, nayo kugawanya kwa 2.4 ni kushusha desibeli kati ya 7 na 8. Hushushwa hata kama njia za nyuma ni tupu. Mbaya zaidi, mtu akichomeka nyaya mbili tu katika matundu sita ya nyuma ya deki, akasahau kuiambia deki kwamba ana spika mbili, njia ya kati haifiki popote. Muziki husikika na msemaji hunyamaza. Mahojiano ya mtu mmoja hayahitaji njia sita. Mbili zatosha.

Na hizo mbili zitazamwe. Ukinasa kwa kipaza sauti kimoja kilichochomekwa upande mmoja, upande wa pili ni kimya. Nakili wenye sauti juu ya ule mtupu. Ikiwa nyaya za upande mmoja zimepinduliwa, mawimbi ya kushoto hupanda pale ya kulia yanaposhuka, na mahali yanapojumlishwa katika spika moja hufutana. Utaijua hali hii kwa kuwa ukizima upande mmoja sauti huongezeka badala ya kupungua, nayo ni ajabu inayomfanya fundi mgeni aitafute hitilafu siku nzima. Katika programu yoyote ya kuhariri, kupindua upande mmoja ni amri moja.

Kwa waliohamisha kanda za zamani, chanzo chaweza kuwa nyuma zaidi ya santuri. Kanda ya kaseti ina mvumo wake, na nafasi kati ya sauti yake kubwa na mvumo huo haizidi sana desibeli 50. Ikiwa wakati wa kuhamisha ilinaswa chini mno, hakuna hila ya baadaye itakayolingana na kuicheza kanda upya na kuinasa vizuri, vilele vikifika kati ya 12 na 6 chini ya dari. Kanda ikiwa ipo bado na yachezeka, anzia huko.

Watu huniuliza kama yawapasa kutengeneza picha upya ili kurekebisha sauti. La, na afadhali wasifanye hivyo, kwani picha ikibanwa mara ya pili huharibika. Picha na sauti katika santuri ni mikondo miwili iliyosukwa pamoja. Nakili yaliyomo katika kompyuta, tenganisha mikondo kwa programu kama FFmpeg, ambayo haina bei, isimbue sauti na kuitengeneza katika Audacity au nyingine ipendwayo, kisha uisuke tena na picha ile ile isiyoguswa. Wakati wa kuisimbua hakikisha programu haitumii dialinomu wala ubanaji, ili uione sauti kama ilivyoandikwa. Iache katika 48,000, kwa kuwa ya 44,100 ya santuri za muziki haikubaliwi katika santuri za picha, nayo ikibadilishwa vibaya huachana na midomo ya msemaji kidogo kidogo.

Nimesema mtafiti asibane nakala pekee aliyo nayo. Mwenye kuchunguza mkazo wa Kiswahili hupima, pamoja na mengine, nguvu ya silabi ya pili kutoka mwisho ikilinganishwa na jirani zake. Ubanaji hufanya kazi hasa ya kupunguza tofauti hiyo: hushusha silabi yenye nguvu, huinua dhaifu. Pumzi ya k'aa yaweza kuinuliwa karibu na irabu, na pumzi ya kawaida ya msemaji anayevuta hewa ikainuliwa pamoja nayo. Kupandisha rekodi nzima kwa kiasi kimoja hakubadilishi uwiano wowote, na vipimo vyake vyaaminika. Kushusha vigelegele kwa mkono hubadilisha mahali pale tu palipoguswa. Hata deki yenyewe, ikiwa imeachiwa ubanaji wa filamu, hutoa silabi zisizo na uwiano zilizokuwa nao mbele ya kipaza sauti, na mtu aliyepima kutoka katika matundu ya deki amempima msimbuzi pamoja na msemaji.

Kwa hiyo zihifadhiwe nakala mbili: moja ya mikondo kama ilivyotolewa katika santuri ya kwanza, isiyoguswa, na moja ya kusikilizwa. Juu ya jalada la hii ya pili iandikwe imepandishwa desibeli ngapi, vipande gani vimeshushwa na kwa kiasi gani, na kama imebanwa au haikubanwa. Kwa ile ya arusi tuliandika: imepandishwa 11, vigelegele na makofi vimeshushwa 12, haikubanwa, dialinomu 31. Ikicheza katika deki, msomaji sasa yuko 22 chini ya dari, pale ambapo mwanzo alikuwa 37, na katika beti za mwanzo, kabla wanawake hawajaanza kupiga vigelegele, pumzi za t'embo na p'epo zasikika waziwazi.